Mwalimu wa Sayansi na Kopo Lake la Mvua

Mwalimu wa Sayansi alikuwa na mwavuli. Nautaja kwanza kwa sababu Lodwar nzima ilimjua kwa mwavuli huo kabla ya kumjua kwa jambo lingine lolote. Katika mji ambao mtoto anaweza kufika darasa la pili bila kuwahi kulowa kwa mvua ya maana, yeye alipita sokoni na mwavuli mweusi uliokunjwa, na hakuufungua hata kwa ajili ya kivuli. Aliutumia kuchokorea vitu: vichuguu, mavi ya ngamia, magurudumu ya malori ya Wasomali. Akina mama wa sokoni walimuuliza, "Mwalimu, hiyo kitu unabeba ya nini?" Naye akajibu kwa upole, "Nangoja mvua, mama." Walicheka mpaka wakashika mbavu, na kesho yake wakamuuliza tena.

Mimi nilifundisha Kiswahili katika shule hiyo hiyo ya msingi, na nyumba zetu za walimu zilitenganishwa na ukuta mmoja wa mabati. Nilikuwa mgeni kama yeye. Watu wa Lodwar wakikuona unapanda basi la Kitale husema unakwenda Kenya, na sisi wawili tulikuwa tumetoka huko Kenya, kila mtu na sababu zake. Zangu nazijua. Zake sikuambiwa kamwe, maana mtu huyu aliyeshinda akiwafundisha watoto wa watu kuuliza maswali hakuvumilia kuulizwa hata moja kumhusu yeye. Ukimwuliza kama ana mke, anakuonyesha mchwa.

Darasani hakuwa na haraka. Walimu wengine wa sayansi waliingia na kitabu, wakaandika ubaoni sehemu za ua, watoto wakanakili, kengele ikalia. Ua lenyewe hakuna aliyeliona. Yeye mwanzoni mwa muhula aliwagawa watoto makundi na kuwaambia kila kundi lilete swali moja ambalo hakuna mtu nyumbani anaweza kulijibu. Kisha muhula mzima walitengeneza kitu cha kulijibia. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya sayansi, na hakukuwa na nyingine. Kundi moja liliuliza kwa nini mbuzi anakula miiba na midomo haitoboki. Lingine likauliza kama punda anajua njia ya kisimani au anafuata harufu, na kwa muda mrefu kukawa na punda aliyefungwa kitambaa cha macho akizungushwa uwanjani huku mwenye punda akilalamika getini.

Alikuwa mchoyo wa majibu. Nina hakika mengi aliyajua, lakini mtoto akimwendea na kumwambia, "Mwalimu, si utuambie tu," yeye alikunja uso na kusema, "Mimi nikikwambia, utakuwa umejua mimi ninachojua. Wewe utajua nini?" Watoto waliondoka wakinung'unika. Lakini ndio hao hao waliofika shuleni asubuhi kabla ya mlinzi, wamebeba vibuyu, waya, makopo na vipande vya turubai, na ukipita karibu unawasikia wakigombana juu ya kivuli kipi ni baridi zaidi.

Mambo ya kivuli ndiyo yaliyomtia matatani mara ya kwanza. Darasa la tano lilikuwa chini ya bati tupu, na mtu aliyewahi kukaa chini ya bati tupu Lodwar saa nane mchana hahitaji kusimuliwa. Watoto walipima joto chini ya mti wa mathenge, chini ya mkoma, chini ya turubai na ndani ya akai, yaani nyumba ya Kiturkana ya matawi na majani ya mkoma. Nyumba ya nyanya zao ikashinda. Darasa likawa la mwisho. Wakakubaliana, bila kumwuliza mtu mzima yeyote, kulivika darasa lao majani ya mkoma, na Jumamosi moja wakapanda juu. Jumatatu mwalimu mkuu alisimama uwanjani akiwa ameshika kiuno.

"Mwalimu, hii ni shule ama ni manyatta?"

"Ni darasa la tano, mkuu. Ingia usikie kulivyo baridi."

"Na inspekta akikuja nimwambie nini?"

"Mwingize pia."

Mwalimu mkuu hakuingia. Baada ya siku chache upepo ulikuja, majani yakaruka yote, na mengi yakaishia mlangoni kwa ofisi yake. Watoto walihuzunika. Mwalimu wa Sayansi aliwauliza tu ni nini walichosahau kupima, na mmoja akasema upepo, naye akafurahi kama amepewa zawadi. Furaha yake ilikuwa ya namna hiyo: akikosea mtoto na akajua amekosea wapi, basi mwalimu huyo atatabasamu hadi jioni.

Kulikuwa na sheria moja ambayo hakuilegeza kwa yeyote. Kipimo hakikuwa kipimo mpaka kisomwe na watu wawili, na yule wa pili asiambiwe wa kwanza amesoma nini. Mmoja akisoma kipimajoto, mwenzake anasimama nyuma ya choo asisikie. Kisha anakuja anasoma naye, na namba zikipishana wanarudia wote. "Jicho moja hutaka kumfurahisha mwenyewe," alizoea kusema. Sheria hii ilimsumbua mwenyewe zaidi ya watoto, kwa sababu alikuwa na kipimajoto kingine mlangoni kwake na hakuwa na mtu nyumbani wa kumsomea.

Ndipo nilipoingia mimi. Kila asubuhi alipomaliza kusoma, aligonga bati la ukutani kwa kidole. "Mwalimu, njoo unisomee." Nilitoka na leso yangu kiunoni, na chai ikichemka ndani, nikasoma, nikamwambia, akaandika kwa chaki juu ya mlango wake. Hatukuzungumza la zaidi. Mji mdogo una midomo mikubwa, na haukuchelewa kuamua kwamba mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Sayansi wana jambo lao. Mama mmoja wa kanisani alinivuta kando na kuniuliza harusi ni lini. Nilimwambia ukweli, kwamba huwa tunasoma kipimajoto, na akanitazama kwa huruma sana. Wala sitaficha: kuna asubuhi nilizotamani aseme neno jingine, lolote tu, hata akiuliza nilivyolala. Hakuuliza. Lakini hakuna siku aliyoacha kugonga, na mtu anayekaa peke yake ugenini anaelewa thamani ya kugongewa ukuta.

Alikuwa na vituko vyake visivyopatana. Huyu mtu wa vipimo hakupima sukari. Chai yake ilikuwa shira. Aliwakemea watoto kwa kuamini maneno ya kusikia, na hapo hapo hakukubali mtu apige mluzi usiku, eti huita nyoka. Aliwapenda watoto kwa dhati, lakini wakija kumtembelea Jumapili aliwapokea mlangoni, akasimama nao juani, akawajibu vizuri kabisa, na asiwakaribishe ndani. Niliwahi kuona ndani mara moja tu upepo ulipofungua mlango: kitanda, kigoda, sufuria, na kikombe kimoja. Nikaelewa ni kwa nini hawakaribishwi, nikajisikia vibaya kuwa nimeona.

Sasa kopo. Mwaka mmoja kundi la wasichana lilileta swali: mvua ikinyesha Lodwar, hunyesha kiasi gani? Walichukua kopo kubwa la mafuta ya kupikia, wakalifunga juu ya mti uliochimbiwa nyuma ya darasa, wakachora rula kwa msumari upande wa ndani. Kila asubuhi wawili walisoma, mmoja mmoja, wakaandika kwa chaki ukutani. Sifuri. Sifuri. Ukuta ukajaa sifuri. Makundi mengine yalikuwa na punda na makaa na vitu vya kuonyesha, na hawa wana kopo tupu. Mwalimu wa Sayansi alilipenda kundi hilo kuliko yote. Alikuja kulitazama kopo hata siku isiyo ya somo, mwavuli kwapani, akachungulia, akaondoka. Watoto wakamwona anavyochungulia.

Kiongozi wa kundi aliitwa Nakiru, jina wanalopewa wasichana waliozaliwa mvua ikinyesha. Asubuhi moja alikuja na habari kwamba kopo lina maji. Nilikuwa hapo, nimepeleka darasa langu kivulini.

"Mvua imekuja usiku, Mwalimu," akasema Nakiru.

"Imekuja saa ngapi?"

"Tukiwa tumelala."

Mwalimu wa Sayansi alitazama mchanga unaozunguka mti ule. Ulikuwa mkavu kama jana. Akachungulia ndani ya kopo. Wasichana wote walikuwa wameinamisha vichwa, na mmoja alikuwa na alama ya unyevu begani mahali alipokuwa amebebea mtungi. Maji hayo yalichotwa mto Turkwel, mbali, na nyumbani kwao yalikuwa ya kupikia. Niliogopa atawafokea. Kwa uongo wa kipimo alikuwa mkali. Nilishamwona akimfukuza mtoto darasani kwa kubuni namba.

Alilifungua kopo, akaketi chini mbele yao, akayanywa maji yote polepole. Kisha akapangusa midomo.

"Asanteni," akasema. "Nilikuwa na kiu. Lakini sikilizeni. Ukitaka kunipa maji, nitilie kwenye kikombe. Hili kopo ni la mvua peke yake. Mkinitilia huku, nitakuwa sina maji na sina mvua."

Nakiru aliuliza, "Sasa tuandike nini?"

"Umeona mvua?"

"Hapana."

"Andika ulichoona."

Wakaandika sifuri. Niliondoka na darasa langu. Jioni alipita mlangoni kwangu, na kwa mara ya kwanza akasema jambo ambalo halikuwa namba. "Wamenihurumia, Mwalimu. Nimewafanya wanihurumie. Hilo ni kosa langu, si lao." Nikamwambia si kosa mtoto kumpenda mwalimu wake. Akatikisa kichwa. "Wakinipenda hivyo hawataniambia ukweli. Na nikiwa na watoto wasioniambia ukweli, nafundisha nini?" Tangu siku hiyo nilijua kitu anachokiogopa. Wengi tunaogopa kudanganywa na watu wasiotupenda. Yeye aliogopa kudanganywa na wanaompenda.

Matokeo ya mtihani wa majaribio yalipokuja, darasa lake halikufanya vibaya wala vizuri. Maswali yalikuwa ya kuchagua herufi, na watoto wake walizoea kwenda kutazama. Wazazi kadhaa, wale wa maofisini, walikuja kulalamika kwamba wenzao wanakariri na watoto wao wanachezea punda. Mwalimu mkuu alimwambia aache miradi na afundishe kitabu, au aombe uhamisho. Alichukua muda wa kunywa chai kufikiri. Aliomba uhamisho, na akapewa Kakuma.

Aliondoka nyuma ya lori, amekalia magunia, mwavuli magotini. Aliniachia kipimajoto. "Utakuwa unasoma," akaniambia, na sikujua kama ni swali. Nilisoma kwa muda. Nilisoma peke yangu, nikaandika juu ya mlango wangu, na kila asubuhi nikasikiliza lile bati lisilogongwa. Mwalimu aliyehamia upande wa pili alikuwa na redio na wageni wengi, watu wazuri tu. Mwisho niliacha kusoma. Namba ya mtu mmoja ingemkasirisha, nilijiambia, lakini ukweli ni kwamba ilikuwa inaniumiza.

Nilimwona tena miaka ilipokuwa imepita kiasi. Kulikuwa na semina ya walimu wa Kiswahili Kakuma, nikapata nafasi katika lori la Msomali aliyekuwa anapeleka unga, tukasindikizwa na askari njia nzima. Jioni hiyo mawingu yalitanda upande wa Sudan, meusi, ya kuahidi, na dereva akasema, "Leo itapiga." Haikupiga. Asubuhi, kabla ya semina, niliuliza nyumba ya mwalimu wa sayansi, na watoto waliokuwa wakielekea shuleni, Waturkana na Wasudani na Wasomali pamoja, wakanionyesha wote kwa mpigo. Msichana mmoja mrefu wa Kisudani aliniambia kwa Kiswahili chake, "Mwalimu yetu macho yake imeisha. Wewe ongea mbele, ndio ajue."

Alikuwa ameketi mlangoni, mwavuli mkononi, mkoba uliofungwa kamba miguuni. Alikuwa amekonda.

"Ejok, Mwalimu," nikamsalimu kwa Kiturkana.

Aligeuza sikio. "Mwalimu wa Kiswahili," akasema. "Umekuja wakati mzuri. Nina kazi yako."

Aliniambia kwa ufupi, kama mtu anayesoma kipimo. Ni presha ya macho; daktari alisema amechelewa. Anaona mwanga, na mtu anamwona kama kigingi. Mwalimu mkuu wa hapo anajua na amenyamaza, kwa kuwa walimu hawapatikani, na watoto humsomea ubao. Miradi inaendelea. Kopo lipo nyuma ya nyumba, wanalisoma wawili wawili, mmoja akijificha kama zamani.

"Sasa shida iko wapi?"

"Wamekuwa wazuri mno," akasema. "Wananishika mkono hadi darasani. Nikikosea hawanisahihishi. Na leo alfajiri nimesikia maji yakimiminwa huko nyuma, halafu miguu ikikimbia. Mawingu ya jana waliyaona. Wanajua nangoja."

"Wamekuambia kopo lina ngapi?"

"Sikwambii. Wewe ni wa pili."

"Na kama wametia?"

Aligusa mkoba kwa mguu. "Lori la unga lililokuja jana linarudi leo. Nitakwenda Kenya nikakae. Kipofu anaweza kufundisha, nimeona anaweza. Lakini asiyeambiwa ukweli hawezi, atakuwa amewekwa tu kwa huruma, na watoto watajifunza huruma badala ya sayansi."

Huko Kenya hakuna aliyekuwa akimngoja. Hilo nililijua bila kuambiwa. Nilikuwa nimekiona kile kikombe kimoja. Nilizunguka nyumba. Kopo lilikuwa juu ya mti wake, na chini yake mchanga ulikuwa na alama za miguu midogo, nyingi, na matone. Nikaona basi, wamerudia lile lile la Nakiru, na watoto hawa hawakumjua hata Nakiru. Niwe mkweli: kabla sijachungulia nilishaanza kutafuta uongo wa kusema. Kisha nikagundua hakuna uongo utakaofaa. Sikujua wao wamesema nini, na namba yangu ikipishana na yao, atajua. Alikuwa ametunga sheria isiyoacha mlango kwa mtu mwenye huruma, hata mimi.

Nilichungulia. Ndani kulikuwa na vumbi na sisimizi mmoja aliyekufa. Nikatumbukiza kidole, nikapapasa chini. Kikavu. Ndipo nilipofuata matone mchangani kwa macho. Hayakuishia kwenye kopo. Yalipita kando yake hadi mlango wa nyuma, uliokuwa na mtungi wa maji ya kunywa umefunikwa kwa sahani. Mtungi ulikuwa umejaa hadi shingoni na bado unatoka jasho.

Nilirudi, nikasimama mbele yake.

"Sifuri," nikasema. "Vumbi na sisimizi."

Aliushika mwavuli kwa mikono miwili.

"Umepapasa?"

"Nimepapasa. Ni kikavu."

"Nao wamesema ziro," akasema. "Wote wawili. Mmoja akiwa nyuma ya choo." Akapangusa macho yake yasiyoona kwa kiganja. "Na yale maji?"

"Yako kwenye mtungi wako. Wamekujazia."

Aliinuka, akatanguliza mwavuli, akagusa ukuta wa nyumba yake hadi kona na kuipita. Nilimfuata lakini sikumshika mkono. Alipoufikia mtungi aliondoa sahani, akatumbukiza mkono hadi kwenye kifundo, akauacha humo kwa muda. Kisha akachota kikombe, akanywa chote. Akachota kingine katika kikombe kile kile, akanyoosha mkono kuelekea sauti yangu ilipokuwa mwisho, akanipa. Nilikunywa. Kengele ya shule ikalia, na akaniomba nimrudishie mkoba ndani.